Sabuni Ndani ya Tangi

Siku waliyoniaga pale garaje walinipa soda, wakaniomba niwaambie vijana maneno mawili. Nilisimama, nikasema aksanti, nikaketi. Watu wakapiga makofi, na nadhani walifurahi kwa kuwa soda zilikuwa zinaanza kupoteza ubaridi. Nilikuwa na la kusema, ila halikuwa la kusemwa mbele ya watu waliovaa mashati mapya. Basi naliandika, nanyi mnaobaki na makle na grisi mtalisoma mkipata nafasi. Majina nimeyabadili, na wengi kati ya wenye majina hayo wamekwisha kuzikwa.

Sitawaelezea nilivyopanda cheo. Kama mtu ametumikia garaje moja hapa Kalemie mpaka magoti yamekataa kuingia chini ya gari, cheo chake ni magoti hayo. Nitaanza na aliyenifundisha kazi.

Papa Mwamba alikuwa mtu mfupi, mweusi wa grisi hata Jumapili, mwenye hasira ya kimyakimya. Kazi aliijifunzia kwenye reli, na aliamini kwamba mtu asiyeweza kurekebisha mashine ya treni asiitwe fundi, aitwe mteja. Siku yangu ya kwanza hakunipa kle ya kufungulia nati. Alinipa kipande cha mti wa fagio, akaniambia niweke ncha moja juu ya moteri inayounguruma na nyingine sikioni, nifumbe macho, nimwambie nasikia nini. Nilisema nasikia kelele. Akaniambia niendelee kusikiliza mpaka nisisikie kelele tena. Ilipofika jioni nilikuwa nimeanza kutofautisha pompi na mikanda, na sikio langu lilikuwa limevimba.

Baadaye alinionyesha chombo ambacho bado nakithamini kuliko vyote: mpira wa serumu, ule mweupe unaopitisha maji ya dawa kwenye mshipa wa mgonjwa. Unaufunga katikati ya njia ya mazutu, yaani dizeli, na kwa kuwa unaona ndani, unajua kama moteri inakunywa mazutu au inakunywa hewa. Vijana wa siku hizi wanataka kompyuta ya kuchomeka. Sawa, ila gari nyingi za huku hazina pa kuichomeka.

Tena alinifundisha sabuni. Hapa ndipo penye habari yangu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Barabara zetu ni za mawe, na tangi la gari hupigwa mawe mpaka linapasuka kwenye mshono. Kuchomelea tangi lenye mvuke wa mazutu ni kutafuta kifo, na mara nyingi gesi ya kuchomelea haikupatikana mjini. Papa Mwamba alichukua sabuni ya mche, ile ya mawese inayopikwa huku kwetu, akaikanda na nyuzi za gunia kuukuu mpaka ikawa kama unga wa ugali, kisha akaisukuma ndani ya ufa kwa kidole gumba. Mwisho alichora msalaba juu yake kwa ukucha. Mazutu hayawezi kuyeyusha sabuni. Tangi lilikaa kavu, na mwenye gari akaenda zake akicheka. Tulifanya hivyo sote, na mafundi wengi kandokando ya ziwa wanafanya hivyo hadi leo. Papa Mwamba hakukosa kumwambia mwenye gari arudi akapate mshono wa kweli. Ila nani arudi garaje na tangi lisilovuja?

Miaka ilipita. Papa Mwamba macho yakamwisha, akaacha kazi, akakaa nyumbani kwake kule juu akisikiliza redio. Mimi nikashika nafasi yake.

Asubuhi moja alikuja mtu kwa miguu, kavaa shati ambalo lilionekana ameshinda nalo na kulala nalo. Nilimjua: Kisimba, shofere wa pikap ya umoja wa wakulima. Pikap hiyo ilikuwa nyeupe zamani, ya mazutu, na kazi yake ilikuwa kubeba mihogo na mahindi kutoka vijiji vya upande wa Mpala kuleta mjini. Palipokuwa na mgonjwa, mihogo ilishuka, mgonjwa akapanda. Kisimba alikuwa mzaliwa wa kijiji kimojawapo huko kando ya ziwa. Mke wake na watoto wake walikuwa huko.

Nilimpa kigoda. Akakaa, akaangalia chini.

"Papa Kalunga," akasema, "niko na neno. Ule muke wa Yuma, Mama Feza, alisha kufa. Watu wanasema mi njo nilimuua."

Alinieleza taratibu. Mama Feza alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto amekaa vibaya. Siku hiyo ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka. Wakamweka kwenye pikap, juu ya godoro, na mume wake Yuma na mama yake mzazi wakamshika huku na huku. Walipofika kwenye mlima mrefu, gari likazima.

"Ilianza kukosa nguvu, ikakohoa, ikazima. Nikapiga kle. Demareri inazunguka muzuri, lakini moteri haishike." Kupiga kle ni kuzungusha ufunguo, na demareri ni stata.

"Ulipiga pompi ya mukono?" Hiyo ni ile pompi ndogo iliyo juu ya filtri, ya kuvuta mazutu kwa mkono.

"Nilipiga, Papa. Ilikuwa nguvu. Ukiisukuma chini inabakia kule kule, haipande."

"Halafu?"

"Halafu mama alikuwa analia. Yuma akasema tumubebe. Tukakata miti, tukamubeba ku mabega. Alikufa mu njia, yeye na mutoto."

Nje vijana walikuwa wanagonga chuma, nikawaambia waache.

"Asubuhi nilirudia kuona motokari," akaendelea. "Nikapiga kle, ikashika mara moja. Watu walisikia mulio mupaka mu kijiji. Njo pale wakasema: kumbe haina ugonjwa. Wengine wanasema niliuzisha mazutu, nikatia maji. Wengine wanasema Yuma ana waadui, njo walinituma. Wako wanangoja siku ya kuondoa kilio. Kama hakuna wa kusema kilichomuua, mi sirudie tena kwetu. Muke yangu alisha kuambiwa achague."

Asiye wa kwetu aelewe: siku ya kuondoa kilio, ndugu wakikusanyika mara ya mwisho kabla ya kutawanyika, mtu husimama mbele ya wote akaeleza marehemu amekufaje. Ni lazima. Kifo kisichoelezwa siku hiyo hubaki kimefunguka kama mlango, na kila anayepita huweka ndani yake jina la anayemchukia. Kisimba alikuwa na siku hizo chache tu. Alikuwa amepanga kwa binamu yake, pale mji unapoanzia, na hakuthubutu kukanyaga barabara ya kwao.

Nilimwambia aniachie gari, ambalo alikuwa ameliegesha kwa binamu na hakutaka kuliwasha tena. Sikumwahidi kitu. Fundi anayeahidi kabla ya kufungua boneti ni mchuuzi.

Gari lilipovutwa mpaka garaje, lilishika kwa mguso mmoja, likaunguruma kutwa nzima bila kukohoa. Vijana wakanicheka kidogo, wakasema labda kweli ni uchawi. Nikawaambia kwamba tangu nianze kazi nimekutana na mazutu mabaya mara nyingi, na mchawi bado namngoja. Lakini sikuwa na furaha. Ugonjwa mbaya kuliko wote ni ule unaolala mgonjwa akifika kwa daktari.

Hebu tufikiri pamoja, kama nilivyofikiri siku ile. Demareri ilizunguka vizuri, basi batri ni nzima. Vali ya umeme inayofungua mazutu niliigusa kwa waya, ikalia tak, ikafunguka. Filtri ilikuwa na maji kidogo chini, kama filtri zote za mji huu. Mazutu yetu huvuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya mapipa, na wauzaji husuuza bidoni, yaani madumu, ziwani, kisha huzijaza kabla hazijakauka. Maji hayo hayakutosha kuzima moteri. Nikafunga mpira wangu wa serumu. Hakuna hewa.

Kilichobaki ni mkono wa Kisimba. Alisema pompi ilibaki chini, haikupanda. Hewa ingekuwa inaingia mahali, pompi ingekuwa laini, ingecheza kama mdomo wa kibogoyo. Pompi inayobaki chini ni pompi inayovuta kitu kisichokuja. Njia imeziba, na imeziba upande wa tangi. Ndiyo maana nawaambia kila siku: kabla ya kumuuliza shofere alifanya nini, muulizeni mkono wake ulisikia nini. Shofere anaweza kusema uongo, mkono hausemi.

Kesho yake nilipakia mifuko ya mchanga, nikaondoka peke yangu kuelekea mlima ule ule. Kisimba nilimwacha mjini. Barabara tambarare gari lilikwenda vizuri, maana moteri ilikuwa inakunywa kidogokidogo. Lakini kwenye mlima moteri inakunywa kwa pupa. Nilipofika katikati nikasikia nguvu zinapungua, likakohoa, likazima. Nilipiga pompi ya mkono. Ilikwenda chini, ikabaki chini.

Nitasema kweli, nilifurahi. Fundi ni mtu wa ajabu: kitu kikiharibika mbele yake anashukuru Mungu. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu, nikaketi juu ya mfuko wa mchanga, nikatoa kiazi kitamu na ndagala nilizofungiwa na mke wangu, nikaanza kula nikifikiri. Kabla sijamaliza kiazi nikarudi kujaribu pompi. Ilipanda. Nikapiga kle. Moteri ikashika.

Furaha yote ikanitoka. Nilibaki nimeshika usukani, kiazi bado mkononi, nikaelewa kitu ambacho sikutaka kukielewa. Kama wangekaa tu. Kama hakuna mtu angefanya lolote, wangemshika mkono Mama Feza na kungoja kidogo, gari lingeshika, na wangekuwa hospitali kabla ya giza. Lakini nani angengoja? Mwanamke analia, gari limekufa, miti iko pembeni: mtu mwenye moyo angekata miti. Tangu siku hiyo sipendi kumsikia mtu akisema haraka haraka haina baraka.

Nilirudi mjini, nikaweka bidoni ya mazutu safi nyuma ya gari, nikapitisha mpira kutoka bidoni moja kwa moja mpaka kwenye filtri, tangi nikaliacha nje ya njia. Nikarudi mlimani. Gari lilipanda bila kusita. Ugonjwa ulikuwa ndani ya tangi.

Nilirudi garaje, tukalishusha na vijana. Mazutu yalipomwagwa, chini kulibaki kitu cha kijivu, kinateleza, kama uji uliochacha, chenye nyuzi ndani yake. Kilikuwa kimejizungushia kwenye kichujio cha bomba la kunyonyea. Moteri ikivuta kwa nguvu, uji huo unafyonzwa mpaka unafunika kichujio chote. Moteri ikizima, hakuna kinachouvuta tena. Unalegea, unadondoka chini, na njia inafunguka. Nilisugua kidogo kwa vidole vilivyolowa maji. Kikatoa povu.

Niligeuza tangi. Kwenye mshono, chini ya vumbi, palikuwa na kiraka cha sabuni, bado kigumu upande wa nje. Juu yake msalaba wa ukucha.

Sabuni haiogopi mazutu. Inaogopa maji. Maji ya bidoni yalikuwa yametuama chini ya tangi mwaka baada ya mwaka, yakiilamba sabuni ile kutoka ndani. Papa Mwamba hakukosea, wauza mazutu hawakutaka kuua mtu, umoja wa wakulima haukuona sababu ya kurudisha tangi kavu. Nilitafuta mwenye kosa, sikumpata. Nilikasirika, na hata leo sijui nilimkasirikia nani.

Nilikata kipande cha sabuni ile, nikapanda kwa Papa Mwamba. Nilimkuta kwenye kiti chake, redio inasoma habari. Nikaizima, na yeye hakuuliza sababu. Nikamweleza tangu mwanzo, kisha nikaweka kipande kiganjani mwake. Alikipapasa, akafuata msalaba kwa kidole, akakinusa.

"Hii njo yangu," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Niliwaambia ikae siku kidogo, mupaka watapata muntu wa kuchomelea."

"Haikuvuja tena, Papa. Njo maana hawakurudia."

Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa, maana alikuwa fundi kuliko mimi.

"Wakati ilizima na weye uko ndani, ilikaa muda gani mupaka kushika?"

"Sikumaliza kiazi."

Aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona Papa Mwamba akilia, na hata siku hiyo sikuona, kwa sababu aliniambia nitoke nje nikamngoje. Aliponiita alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Unipeleke kule," akasema. "Weye hutasema. Mi njo nitasema."

Tulikwenda kwa mtumbwi wa moteri. Pikap ile isingeweza kuingia kijijini bila kupigwa mawe. Kisimba alikaa mbele kabisa, mgongo wake kwetu. Tulipofika, yeye alibaki nje ya uzio kama desturi inavyomtaka mtu mwenye neno, mpaka aitwe. Niliona mke wake amesimama kwa mbali na watoto, hasogei mbele wala nyuma.

Wakati wa kueleza kifo ulipofika, Papa Mwamba alisimama akiwa ameshika bega langu. Watu walishangaa, hawakumjua. Alisema jina lake na kazi yake. Kisha akatoa ile sabuni, akaeleza kwa maneno ya kawaida, kama anamfundisha mtu wa siku ya kwanza: ufa, sabuni, maji, mlima. Akasema Kisimba hakuuza mazutu, hakutia maji, hakutumwa na mtu. Akasema aliyeweka kitu kile ndani ya tangi ni yeye, kwa kidole hiki, na kama wanatafuta mkono, mkono ni huu.

Kijana mmoja akainuka kama anataka kumfuata. Yuma, mume wa marehemu, akamshika nguo akamketisha. Yuma alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa. Akasema tu, "Kisimba aingie."

Kisimba aliingia, akapiga magoti. Nilidhani yameisha. Lakini mama yake Mama Feza, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na hajasema neno tangu tufike, akainua uso.

"Papa, mi sijue mambo ya motokari," akasema. "Niambie kintu kimoja tu. Kama wangebakia pale, wangengoja, ingeshika?"

Kisimba alimwangalia mzee, na Yuma, aliyesema wambebe, akamwangalia pia. Mimi niliangalia chini. Papa Mwamba alinipiga siku moja kwa kle kwa sababu nilimwambia mteja mkanda ni mpya na ulikuwa umegeuzwa tu. Hakuwahi kusema uongo kuhusu gari.

"Hapana, Mama," Papa Mwamba akajibu. "Ile sabuni ikisha kukamata, inakamata mupaka asubuhi. Hata wangengoja, ingekuwa bule. Kama hawangemubeba, angefia mu motokari. Walifanya vizuri kumubeba."

Mama yule akatikisa kichwa, akashusha kitambaa usoni, akalia kwa sauti ndogo. Yuma akaenda akamwinua Kisimba kwa mkono. Kilio kikaondolewa.

Papa Mwamba alitembea mpaka ziwani akiwa ameshika bega langu. Alikuwa amechoka, nikamsaidia kupanda mtumbwi. Aliishi muda mfupi baada ya hapo, na mafundi walipokuja kumzika wachache walimsema vibaya, kwamba ndiye mzee wa sabuni iliyoua mtu. Niliwasikia. Alikuwa ameniambia nisijibu.

Siku ile ya kilio, kabla hatujaondoka, Kisimba alitusindikiza ufukweni. Mke wake alikuwa amembebea mkoba, watoto wamemshika baba yao suruali. Kisimba alinivuta pembeni.

"Papa Kalunga, wakati ulijaribu kule ku mulima, weye ulingoja muda gani?"

"Ilikataa kabisa," nikamwambia. "Niliiacha pale, nikarudia asubuhi."

Alinitazama. Hakuwa na hasira.

"Siku ile nilikuwa nimeketi pembeni ya barabara, pale nyumbani kwa binamu," akasema. "Nilikuona unapita na motokari, unarudia mu muji. Jua lilikuwa bado juu."

Mwenye mtumbwi alikuwa ananiita.

"Aksanti, Papa," Kisimba akasema. "Usimuambie Yuma."

Akachukua mkoba kwa mke wake, wakapanda kuelekea nyumbani kwao.